Maji Yaliyokula Msingi

Juzi niliona mafundi wakipanda nyasi kando ya mtaro wa zahanati, na harufu ya udongo mbichi ikanirudisha utotoni, nyumbani Issuna.

Mama alikuwa akichimba mtaro nyuma ya nyumba yetu. "Maji ya mvua yanakula msingi," alimwambia jirani. Nilidhani maji yana meno.

Alasiri ile mvua ikashuka. Nikasikia maji yakigugumia nyuma ya ukuta, nikambeba mdogo wangu, nikakimbilia uani alikokuwa Mama bado na jembe.

"Mama, nyumba inaliwa," nikamwambia.

Hakucheka. Aliangusha jembe, akatukumbatia palepale kwenye mvua, wala hakuturudisha ndani mpaka ilipokatika. Nilidhani ananiadhibu kwa kumtoa mtoto nje. Sasa najua naye aliuogopa ukuta ule.