Namba Chini ya Kioo

Kwa zaidi ya miaka ishirini, tangu alipomzika mumewe, Hajja Insaf alikuwa na ombi moja kwa Mola wake: afe usiku wa kuamkia Ijumaa, ili asaliwe na umati wa Ijumaa. Hakuona haya kulisema, hata akiwa anachambua mchele mbele ya wageni. "Mimi sitaki kusaliwa na watu saba wenye haraka," alikuwa akisema. "Nataka msikiti uliojaa mpaka barabarani."

Mwenyezi Mungu alimsikia. Alikata roho Ijumaa alfajiri, mwezi wa Agosti, nyumbani kwake Mit Shahin, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake Ibtihal. Kufika saa tatu asubuhi wanawake walikuwa wamekwisha kumwosha na kumvisha sanda. Ilibaki karatasi moja tu, kibali cha mazishi. Bila hiyo gari la jeneza halisogei, msikiti haumpokei, na mlinzi wa makaburi hafungui. Aliyekwenda kuifuata ni mwanawe wa pekee, Shukri.

Shukri alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mtu wa maneno machache, mwenye kalamu tatu katika mfuko wa shati. Kazi yake ilikuwa kutunza seva mbili, kompyuta kuu za idara ya afya ya mkoa, zile ambamo kila anayezaliwa na kila anayekufa huandikwa. Mama yake hakujua seva ni nini. Akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani, alijibu, "Analinda majina ya watu."

Ofisi ya afya ya mtaa siku za Ijumaa hukaa na karani mmoja wa zamu. Siku hiyo alikuwa Makarim, mnene, mcheshi, glasi yake ya chai mkononi na feni ikimpuliza kisogoni.

"Karibu, mhandisi! Nilitaka nikupigie, kumbe fundi kaja kwa miguu yake. Mfumo umeanguka tangu nifungue. Leo ni marufuku kufa Mit Shahin."

"Mama amefariki, Makarim."

Makarim aliweka glasi chini. Alisimama, akamshika Shukri bega. "Umri uliombakia uwe kwako, ndugu yangu. Nisamehe. Wallahi nisamehe."

"Niandikie kwa mkono."

"Kwa mkono wapi? Vitabu walivichukua watu wa mkoa mwaka juzi, mfumo ulipoanza. Na ofisi nyingine haiandiki maiti wa mtaa huu. Wewe unajua kuliko mimi."

Alijua. Akatoa simu, akampigia Nagwa, mhandisi mwenzake aliyekuwa zamu katika chumba cha seva.

"Huku ni salama," Nagwa alisema. "Seva ya kwanza imekufa alfajiri. Ya pili ikashika kazi papo hapo, kama ulivyoipanga. Ofisi arobaini zinaandika saa hii hii."

"Na Mit Shahin?"

"Haijabisha hodi kabisa. Angalieni waya wenu."

Shukri aliangalia waya. Akauchomoa, akauchomeka. Akaziita mashine za mkoa moja moja; zote zikajibu, isipokuwa ile iliyokufa. Njia ilikuwa nzima. Seva zile mbili alikuwa amezipa jina moja la pamoja. Ofisi ikiita jina hilo, jina lenyewe hujua nani yu hai na nani hayuko, na kumpeleka mwitaji kwa aliye hai. Basi ofisi isiyofika haikuwa ikiita jina. Ilikuwa ikiita mashine moja tu, kwa namba yake, na mashine hiyo ilikuwa imekufa.

Nani angefanya ujinga kama huo?

Meza ya Makarim ilikuwa na kioo juu yake, na chini ya kioo kulikuwa na picha za wajukuu, kalenda ya zamani, na kikaratasi kilichogeuka rangi ya chai. Makarim alikuwa amekiandika kwa mwandiko mzuri: *Namba ya muda ya seva. Kutoka kwa Mhandisi Shukri, Mungu amlipe heri, tumewahi kufuturu majumbani. Ramadhani 17.*

Shukri alikisoma mara mbili. Aliikumbuka siku ile. Jina la pamoja lilikuwa limegoma katika ofisi hii, na magharibi ilikuwa imebaki dakika ishirini. Mama yake alikuwa amepika mlenda kwa nyama ya sungura, na hakuwa mtu wa kufungua saumu mpaka asikie mlango ukigongwa na mwanawe. Basi Shukri akamtajia Makarim namba ya seva ya kwanza kwa simu. "Weka hii kwa muda, Makarim. Baada ya Idi nitakuja nirekebishe." Idi ikapita, na nyingine ikapita.

"Ndiyo yenyewe?" Makarim aliuliza.

"Ndiyo. Nifungulie ukurasa wa mipangilio."

"Neno la siri analo Daktari Fahim, mkuu wetu. Kaenda Aleksandria na wajukuu."

Walimpigia Daktari Fahim mara tisa. Simu iliita, ikanyamaza. Shukri akampigia tena Nagwa.

"Naweza kuipa seva ya pili namba ya ile iliyokufa," Nagwa alisema polepole. "Lakini nikikosea, ofisi zote arobaini zitazima. Sijawahi kufanya hivyo peke yangu. Ukiniambia niguse, nitagusa."

Shukri alifikiria nyumba nyingine, katika miji mingine, zenye maiti wao waliokwisha kuvishwa sanda.

"Usiguse," alisema.

Ibtihal alipiga simu. "Uko wapi, kaka? Gari limefika. Watu wameanza kutandika mikeka barabarani."

"Mfumo, Ibtihal."

"Si kazi yako hiyo? Uunyanyue!"

Saa saba adhana ililia. Safu zilijaa msikitini, zikamwagika barabarani, zikakata kona, zikafika mpaka kizingiti cha ofisi ya afya. Makarim alitandika mkeka wake hapo mlangoni, na Shukri akasimama kando yake. Mbele yao waliona migongo tu, mia kwa mia, mpaka macho yanapoishia. Imamu alipotoa salamu, watu walingoja kidogo wasikie kama kuna jeneza. Hakukuwa na tangazo. Wakakunja mikeka, wakaenda kula.

Saa nane na nusu Daktari Fahim alipiga mwenyewe. "Mhandisi, simu nilimwachia mke wangu ufukweni, mimi nilikuwa msikitini. Kuna nini?"

Shukri aliandika neno la siri, akafuta namba, akaweka jina. Dakika nne. Kibali kikatoka kikiwa cha moto, jina la Insaf likiwa limeandikwa sawasawa.

Alisaliwa baada ya alasiri. Shukri alihesabu bila kutaka: wanaume kumi na saba, safu mbili, na wawili kati yao walitazama saa. Akazikwa pembeni ya mumewe, jua likiwa bado kali.

Jioni, wageni walipopungua, Ibtihal alikaa kando ya kaka yake na kikombe cha kahawa chungu. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Mungu alimpa siku yake," alisema. "Alimpa kabisa, mkononi. Halafu mtu mmoja mzembe huko akamnyima. Umemjua ni nani?"

Shukri aliangalia kikombe chake.

"Mwenyezi Mungu ampe anachostahili, yeyote aliyefanya hivi," Ibtihal alisema, akainua mikono.

Waliokuwa karibu waliitikia. Shukri naye akafungua kinywa, akaitikia, "Amina."