Mgongo wa Mama Mkwe

Dorcus Ayoo alikuja Kericho kutoka upande wa ziwa akiwa msichana, na maneno ya mamake masikioni kwamba kazi haiui mtu. Mamake hakuwa amewahi kuchuma chai. Miaka ishirini na ushei kikapu kilimkalia Dorcus mgongoni, kijazwe, kipelekwe mizani, kirudi kujazwa tena, mvua ya mawe ikimkuta shambani bila koti. Aliolewa humo humo, akafiwa na mume humo humo, akamsomesha bintiye Maxine. Halafu mgongo ukakataa. Nyapara alimwambia apumzike, na kupumzika kwenyewe kukawa ni kufutwa kazi na kutolewa kwenye nyumba ya kampuni. Akapanga chumba Chepseon, akauza sukuma wiki akiwa ameketi.

Sasa, wenye kampuni hawaishi Kericho. Wako ng'ambo, kule chai inakonywewa, na mawakili wa huko walikuja wakisema kwamba kampuni iliyowavunja wachumaji migongo inaweza kushtakiwa nyumbani kwake, kwa sheria ya kwao wenyewe. Wachumaji walicheka kwanza. Chai ilivuka bahari miaka nenda miaka rudi. Kwamba mgongo wa mtu nao unaweza kuvuka, hilo lilikuwa jipya. Lakini walijiandikisha, na kila shahidi akaitwa kwa nambari, jina likafichwa, ili kampuni isije ikamsumbua mtu kabla ya kesi.

Kuficha huko ndiko kulikoleta balaa.

Siku ya ushahidi, Dorcus aliingia kwenye ukumbi wa kanisa mjini Kericho akishikwa mkono na Rodah, jirani yake Mkipsigis, mwenyeji wa huko. Mezani palikuwa na wakili mwanamke kutoka ng'ambo, na kando yake mkalimani aliyevaa tai. Mkalimani akainua macho. Alikuwa Clifford, mume wa Maxine.

Dorcus alitamani sakafu ipasuke immeze. Kwao Wajaluo, mama mkwe na mkwewe huheshimiana hadi kuogopana, na habari za mwili hazitajwi kati yao hata kwa fumbo. Naye alikuwa amekuja kusema nini? Kwamba mkojo haumngoji tena. Kwamba asubuhi Rodah ndiye humvisha nguo za ndani. Afadhali arudishiwe kikapu.

"Mgongo uko namna gani?" wakili aliuliza. Clifford alitafsiri akitazama viatu vyake.

"Niko sawa," Dorcus akajibu. "Niko sawa kabisa."

"Anaweza kujivalisha mwenyewe?"

"Naweza."

"Kuinama?"

"Nainama vizuri sana."

"Wewe Dorcus!" Rodah alifoka. "Mficha maradhi, kilio kitamuumbua!"

Wakili aliweka kalamu chini. Kama amepona, alisema, basi atatolewa kwenye kesi, na majalada yanafungwa jioni hiyo hiyo. Clifford alilitafsiri hilo pia, neno kwa neno. Dorcus alisikia vizuri. Alijikasirikia, akaikasirikia kampuni, akamkasirikia hata Maxine kwa kuolewa na msomi. Akamwashiria Rodah amwinue waondoke.

Clifford akasimama. Alizungumza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili ili Dorcus asikie. "Nimetafsiri alichosema. Sasa nasema yangu. Huyu ni mama ya bibi yangu. Nilikuwa na nambari tu, sikujua ni yeye. Hata akikata roho, mbele yangu atasema yuko sawa. Shida hapa ni mimi."

Alichukua koti lake, akatoka, akafunga mlango. Wakili akayakata kwa kalamu majibu aliyokuwa ameandika. Sheria yake ilikuwa imefikiria kampuni, nyapara na vitisho, mkwe haikumfikiria. Huko nje Clifford alikuwa ameshampigia simu Molly, mwalimu mstaafu wa Kedowa aliyewatafsiria wengine jana yake. Alasiri Molly akafika, viatu vimejaa tope, akavuta kiti karibu na Dorcus.

"Haya mama, sisi wote hapa ni wanawake. Toa yote."

Dorcus aliyatoa. Kikapu, mvua, mkojo, nguo za ndani, usiku wa kulala kifudifudi. Alilia kidogo, akacheka Rodah alipoongeza chumvi, akaendelea. Wakili aliandika mpaka mkono ukamchoka, akamsomea yote, akamwambia yumo kwenye kesi. Kesi yenyewe ingechukua muda, na hakuna aliyemwahidi ushindi. Lakini Dorcus alihisi wepesi wa mtu aliyetua kikapu, na njaa ikamshika mara moja.

Nje, jua lilikuwa limetoka baada ya mvua. Clifford alikuwa bado anangoja, ng'ambo ya barabara, kwa umbali wa heshima. Alivua kofia, akaita:

"Mama, uko sawa?"

Dorcus alijiegemeza kwa Rodah, akanyoosha shingo.

"Niko sawa kabisa, mwanangu," akajibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wote wawili wakatabasamu.