Simu ya Kocha Siku ya Mechi

Siku ya mechi Kocha hakuwa akishika simu. Akishuka garini pale nyuma ya uwanja ananikabidhi simu yake, ananigonga bega, anaingia ndani na miwani ikining'inia shingoni, nami nabaki kwenye maegesho na simu mbili mkononi. Masharti yalikuwa machache. Wakubwa wa klabu wakipiga, niwaache walie huko. Waandishi wa habari, hivyo hivyo. Binti yake akipiga kutoka Brazili, nipokee, nisikilize, nimpelekee ujumbe. Aliniambia hayo siku ya kwanza nilipopewa kumwendesha, nami nikamjibu, sawa Kocha, hilo ni jambo dogo. Dogo! Nikikumbuka neno hilo natamani kujizaba kofi.

Mimi ni dereva, na sioni haya kusema hivyo. Nimekaa Doha miaka kumi na moja, na mingi ya hiyo nimeendesha makocha wa klabu moja ya mpira. Wanakuja na mabegi mapya, wanapigwa picha na skafu shingoni, baada ya miezi michache nawarudisha uwanja wa ndege na mabegi yale yale. Wengi hawakunijua hata jina. Mmoja alikuwa akiniita kwa kupiga vidole, nikamwambia mbele ya watu kwamba mimi si paka. Nina hasira za karibu, mke wangu anajua, na askari wa barabarani wa Abu Hamour wanajua. Lakini huyu Mbrazili, mzee aliyekaribia miaka sabini, alinilainisha. Asubuhi ya kwanza alifungua mlango wa mbele, akaketi kando yangu, akasema kwa Kiswahili, "Twende, bwana, haraka haraka!" Nilicheka karibu nigonge ukuta.

Kumbe alikuwa amefundisha Dar es Salaam. Miezi minne tu, halafu wakamfukuza kwa sababu ya sare tatu mfululizo. Alikuwa amefukuzwa nchi nyingi, na hadithi zake zote zilianza hivyo. "Moroko waliponifukuza." "Kuwait waliponifukuza mara ya pili." Kiingereza chake na changu vilikuwa vibovu kila kimoja kwa namna yake, na tulipokwama tulichomeka Kiarabu cha sokoni. Nilijua Japani walimpenda mpaka wakampa upanga wa mapambo. Nilijua Angola alilia uwanjani mbele ya watu. Njia ya kutoka nyumbani kwake Al Thumama hadi uwanja wa mazoezi haikuwa ndefu, lakini foleni ya asubuhi ilinipa nchi nzima kila siku.

Mkewe alimfuata nchi tatu za kwanza. Halafu watoto wakaanza shule, akabaki kwao, na mzee akaendelea peke yake kwa miaka ambayo hakupenda kuihesabu. Mtoto wa kwanza alizaliwa Brazili yeye akiwa Kuwait. Baba yake alizikwa yeye akiwa Saudia, na harusi ya binti aliiona kwenye mkanda wa video. Sasa mke alikuwa mgonjwa wa mapafu, amelazwa, na kila asubuhi kabla hatujafika mazoezini, kwao ikiwa bado usiku, Kocha alimpigia kwa video. Ananiambia nipunguze mwendo, anageuza simu dirishani, anamwonyesha mchanga na majengo yanayopanda. Mama yule alikuwa na bomba la hewa puani lakini alikuwa mcheshi. Alinipungia mkono mara nyingi, nami nikampungia.

Siku moja nilimuuliza kwa ukali, maana jambo lenyewe lilinikera: "Kocha, kwa nini usiende tu?" Akaniambia timu iko mkiani, zimebaki mechi saba, na timu haiachwi ikiwa mkiani. Mechi saba, halafu anastaafu, anaenda kukaa kando ya kitanda. Kisha akasema jambo ambalo nililielewa vizuri sana, na ndiyo sababu sina pa kujificha. "Nimekosa kila kitu cha nyumba yangu," alisema. "Hiki nisikikose. Akitaka kwenda, anisikie kwanza." Nikamwambia inshallah Kocha, hatutakikosa.

Hapa inabidi nieleze mambo ya kwetu, la sivyo utaniona mwendawazimu. Ijumaa ibada ikiisha kule Mesaimeer, Wakenya tunabaki nyuma ya kanisa kwenye kikundi chetu cha kufaana. Kuna mweka hazina, kuna katibu, na kazi yangu mimi ilikuwa kupeleka habari za msiba. Mtu akifiwa nyumbani, mwenyewe haambiwi kwa simu. Anaambiwa tu kwamba mama amezidiwa, au mzee hali si nzuri, piga nyumbani ukipata nafasi. Nani atamwambia mlinzi aliye lindoni, au yaya aliyebeba mtoto wa watu, kwamba mama yako amekufa? Tunamwacha amalize kazi. Tunaenda kwake, tunampikia, anakula, anakalishwa katikati ya watu, ndipo anaambiwa polepole. Baba yangu alipofariki, kaka yangu alinipigia akasema mzee amezidiwa kidogo, yuko hospitali. Jioni wenzangu watatu wakaingia chumbani na sufuria ya mchuzi, na kabla sijaonja nikajua sina baba.

Na nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Wasichana wa majumbani, madereva, hata manesi wenye shahada zao, wote walisema huyu baba anajua kumwambia mtu. Nilijivunia, sisemi uongo.

Basi siku yenyewe ilikuwa mechi ya alasiri, inaanza saa tisa na nusu. Tulifika mapema. Kocha akanipa simu, akanigonga bega, akaingia. Saa nane na dakika chache simu ikalia, nikaona picha ya binti yake.

Alisema kwa Kiingereza, "Mama amezidiwa sana. Tafadhali mwambie baba anipigie sasa hivi."

Hakuwa analia. Alisema kwa sauti tulivu, neno moja baada ya jingine, na utulivu huo ndio ulioniua. Maana kwetu anayechaguliwa kupiga simu ya msiba ni yule anayeweza kujizuia. Mimi mwenyewe nimezipiga simu hizo kwa sauti hiyo hiyo. Nikajiambia, ooh Mungu wangu, mama wa watu amekwenda. Nikamwambia, "Pole sana, dada. Pole sana. Nitamwambia." Labda alishangaa zile pole zangu nyingi, lakini akasema asante.

Kutoka garini hadi mlango wa chumba cha wachezaji ni hatua hamsini. Mlangoni alisimama Mganda mmoja rafiki yangu, angenipisha bila neno. Hatua hamsini! Nikabaki garini nikilia machozi ya kweli kwa ajili ya mtu aliyekuwa bado anapumua. Nilifikiri, mechi inaanza, mzee atasimama pale mbele ya watu wote na kamera, nani atamshika akianguka? Aliyekufa hana haraka tena. Amalize kazi yake, ale, akae, nitamwambia kama tunavyoambiana sisi.

Binti akapiga tena, mara mbili. Niliitazama simu ikitetemeka juu ya kiti. Nilidhani wanataka kupanga mazishi, nikaona hayo si yangu, mwenye msiba bado hajui. Sikupokea.

Mechi ilipokuwa ikichezwa nilienda kununua wali na kuku kwa Myemeni mmoja aliyempenda Kocha, nikamwambia aongeze nyama, kuna jambo. Kila kitu nilifanya kwa heshima. Ukiniona ungesema huyu ni mtu mwema.

Walishinda, mbili kwa moja. Mzee alitoka akiruka kama mtoto, shati limelowa, akanikumbatia mpaka nikanusa jasho lake. Akanyoosha mkono apewe simu. Nikamwambia betri imeisha, nimeiacha izime, tutaichaji nyumbani. Akasema hamna shida, atampigia mkewe akifika, amhadithie bao la pili. Njia nzima alihadithia bao la pili. Mimi nilikaza macho barabarani na kujibu ndiyo Kocha, ndiyo Kocha.

Nyumbani nikampakulia. Akataka simu tena, nikamwambia kula kwanza, Kocha, tangu asubuhi hujala. Akacheka, akasema nimekuwa mkewe. Akala vizuri, kwa mkono, kama alivyofundishwa Dar. Nilingoja amalize, nikamletea maji anawe, nikavuta kiti karibu naye. Nikaanza maneno yangu ninayoyajua kwa moyo. "Kocha, sisi sote ni wa Mungu. Leo binti alipiga simu."

Hakuningoja niendelee. Aliiona simu mfukoni mwa shati langu, akainyakua. Haikuwa imezimwa. Akapiga, binti akapokea, na nilisikia sauti yake ikianza kwa utulivu ule ule halafu ikapasuka. Mzee aliuliza neno moja, akauliza tena neno lile lile. Kisha akaiweka simu mezani, uso juu, binti bado analia ndani yake.

Mkewe alikuwa amefariki dakika ishirini zilizopita. Hesabu mwenyewe. Dakika ishirini zilizopita mumewe alikuwa anakula wali niliompakulia mimi.

Sikumbuki ni muda gani ulipita. Isha ilikuwa inaadhiniwa. Baadaye aliichukua simu akaitazama vizuri, akaona ile ya saa nane iliyopokelewa na zile mbili zilizoachwa. Akaniuliza binti alisema nini hasa. Nikamwambia neno kwa neno. Nikamweleza na mambo ya kwetu, yote, kikundi, Mesaimeer, baba yangu, sufuria ya mchuzi. Nilipiga magoti bila kujua. Alinisikiliza hadi mwisho, mzee yule, hakunikatiza.

Kisha akauliza, "Kwa hiyo kwenu, mtu akiambiwa kwa simu kwamba mgonjwa amezidiwa, anaelewa amekufa?"

"Mara nyingi, Kocha."

"Na yule ambaye amezidiwa kweli, lakini bado yuko, mnamsemaje?"

Swali hilo nimewauliza wazee wa kikundi chetu nao wakatazamana tu. Kazi ile ya kupeleka habari niliiacha, na walipouliza sababu niliwafokea.

Alfajiri yake nilimpeleka uwanja wa ndege. Aliketi mbele kama kawaida, na hilo liliniuma kuliko angekaa nyuma. Tulipofika sehemu ya kuondokea hakushuka. Alisema, "Watoto wangu watauliza. Utasema uliniambia kabla ya mechi, na mimi ndiye niliyeamua kumaliza kwanza."

Nikasema, "Hapana, Kocha. Haki ya Mungu hilo sitalisema."

"Utasema. Klabu wakisikia vingine watakufukuza, na wewe watoto wako bado wako shule. Mimi kazi imeisha." Akatazama mikono yake. "Na tena ungeniambia, ningemaliza mechi. Najijua."

Sikuamini. Siku nyingine naamini, na siku hizo ndizo nalala. Alishuka na begi moja, akaingia, na sijamwona tena mpaka sasa. Mechi sita zilizobaki alisimamia msaidizi wake, na timu ikashuka daraja hata hivyo.

Wiki tano baadaye nilikuwa nimeegesha mbele ya kinyozi, namngoja kocha mpya, Mserbia. Simu yangu ikalia, namba ya Brazili. Ni binti. Namba yangu aliipata ofisini kwetu.

"Sitakuchukulia muda," alisema. "Nina swali moja. Mama alikaa na simu mkononi tangu nilipoongea na wewe hadi mwisho. Alitukataza tusimpe dawa ya usingizi, alisema baba anapiga. Baba ametuambia wewe ulimfikishia ujumbe kabla ya mechi, na yeye akachagua mechi. Tangu tumzike mama sijasema naye. Anakaa peke yake nyumba ya nyuma, na ndugu zangu nao hawamtazami. Lakini kuna kitu moyoni kinakataa. Wewe ulikuwepo. Ulimwambia?"

Neno moja tu, hapana, na mzee yule angerudishiwa watoto wake. Nilikuwa nalo mdomoni, naapa nilikuwa nalo. Nikawaza viza yangu. Nikawaza kitinda mimba wangu, aliyekuwa ameingia sekondari mwezi ule ule. Nikajiambia mzee mwenyewe ndiye aliyeniagiza, na mimi ni nani nivunje agizo lake. Mtu akitaka kuogopa hakosi sababu nzuri.

"Ndiyo," nikasema. "Nilimwambia."

Akanishukuru kwa kumwambia ukweli, akakata simu.