Jotham Wakhungu na Rumba ya Kuzama

Jotham Wakhungu alizaliwa mwaka ule reli ilipofika Bungoma, na maisha yake yote alitaka tuamini kwamba mambo hayo mawili yalikuwa na uzito sawa. Misheni walimfundisha kuimba besi. Naye kwa shukrani akawakimbia, akajiunga na jeshi vita vilipopamba moto, akawapikia askari maharagwe kule Burma. Alirudi na gita, kofia iliyolalia sikio moja, na elimu kubwa kuhusu muziki wa dunia. Kulikuwa na bendi ya Wamarekani, alisema, waliopiga swing kambini hadi miti ikatikisika. Mimi nilimuuliza kama aliwaona kwa macho. Hakuwaona. Aliwasikia kupitia ukuta wa jikoni, akimenya viazi.

Kwa elimu hiyo ya ukutani aliunda Bungoma Swing Jazz Band. Swing hatukuijua, na jazz hakuna aliyewahi kukutana nayo, lakini jina lilipendeza kwenye kibao. Jotham alipiga gita. Ngoma alipiga Gicheru, kijana wa Kikuyu ambaye wazazi wake waliishi kwenye shamba la mlowezi huko Kitale. Mlowezi alimfukuza kwa kugonga ndoo za maziwa badala ya kuziosha. Waimbaji walikuwa ndugu wawili waliokuwa na sauti nzuri na shati moja. Tai zao nilizishona mimi, kwa kuwa cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ya hoteli ya chai ya Mzee Wanjala, mkabala na stesheni, na pale hapakuwa na jambo lililonipita.

Mzee Wanjala alikuwa na gramafoni. Aliuziwa na Mhindi mmoja mwenye duka, tena kwa tabasamu, na tabasamu la muuzaji ni jambo la kuogopwa. Springi yake ilikuwa imechoka zamani. Santuri iliyopendwa ilikuwa moja tu, rumba ya Wakuba, imeimbwa kwa Kispaniola, lugha ambayo kila mteja aliielewa kwa namna yake. Wimbo ulianza kwa mbio, tarumbeta juu, watu wakitikisa mabega huku wameshika vikombe. Ukifika katikati, springi inalegea. Sauti zinashuka, zinanenepa, tarumbeta inaguna kama ng'ombe anayezaa. Hapo Nanyama, binti wa Mzee Wanjala aliyekuwa akihudumia wateja, anaweka birika chini jikoni, anapangusa mikono, anapita katikati ya meza bila haraka hata kidogo, anazungusha mpini wa gramafoni. Wimbo unainuka tena, nasi tunashangilia. Nanyama angeweza kuzungusha mapema. Hakutaka, kwa sababu alipenda kushangiliwa, na mimi simlaumu.

Sasa Jotham hakuwa akiingia ndani. Mzee Wanjala hakuruhusu watu wa kukaa bure bila kununua chai, hasa wanamuziki. Kwa hiyo bwana mkubwa alikaa nje nyuma ya ukuta, chini ya dirisha, macho ameyafumba, gita mapajani, akijifunza. Akajifunza wimbo wote kama alivyousikia. Wote kabisa, pamoja na kuzama kwake.

Siku bendi ilipoanza kuupiga kwenye baraza nilidhani ni mzaha. Ngoma ikapungua, wale ndugu wawili wakashusha sauti hadi tumboni, gita likawa linaburuta miguu. Kisha ghafla wote wakapanda juu kwa kasi. Nikacheka mpaka nikajidunga sindano. Jotham hakucheka.

"Hapo ndio moyo ya rumba," alinieleza. "Wakuba wanacheza sana, jua inawachoma, wanachoka. Halafu nguvu inarudi."

"Jotham, hiyo ni springi bana."

"Fundi, wewe ulifika Burma?"

"Sikufika."

"Basi shona."

Nikashona. Na ukweli ni kwamba Bungoma nzima iliupenda wimbo ule hivyo hivyo. Ulipozama watu walichuchumaa polepole hadi chini, akina mama wa soko na vikapu vyao, na ulipoinuka wakaruka juu wakipiga kelele. Watu walikuja kutoka Kimilili kwa baiskeli ili wachuchumae nasi. Nani angetaka kuharibu raha hiyo kwa ajili ya ukweli? Nanyama mwenyewe alisimama dirishani kila mara wimbo ulipopigwa, mkono mdomoni, macho yakicheka. Baadaye alitoka na kikombe cha chai ya maziwa, akakiweka kando ya Jotham bila neno, babaye akijifanya anahesabu mandazi.

Jotham alimtaka Nanyama, na hilo lilijulikana hadi kwa mbuzi wa stesheni. Mtu pekee ambaye hakuambiwa ni Nanyama. Mwanamume aliyekuwa na maoni kuhusu Wakuba wote hakupata neno moja la kumwambia msichana anayempa chai. Badala yake alimwendea Mzee Wanjala, naye mzee akamjibu waziwazi mbele ya cherehani yangu.

"Kijana, mimi sina shida na wewe. Shida yangu ni gita. Gita sio kazi. Pata kazi ya mshahara, ulete wazee wako tuongee. Usipopata, kuna yule Khisa, kalani wa leli. Yeye amevaa viatu kila siku."

Wakati huohuo Gicheru akaleta habari kutoka Kitale. Klabu moja ya walowezi ilitaka bendi ya kudumu kwa dansi zao za alasiri, maana mzungu wao wa piano alikuwa akianguka kutoka kwenye kiti kwa sababu zilizonukia umbali wa hatua kumi. Kazi ya mwezi hadi mwezi! Bendi ingejaribiwa siku ya maonyesho ya mifugo. Nikamkatia kila mmoja koti jeupe, na yule ndugu wa pili akapata shati lake mwenyewe. Waliondoka juu ya lori la mahindi, na Nanyama akasimama barabarani hadi vumbi likatulia.

Yaliyotokea Kitale aliniambia Gicheru, na Gicheru hana akili ya kutunga uongo. Nyimbo za kwanza zilikwenda vizuri. Wazungu walicheza kwa adabu. Kisha katibu wa klabu, bwana mrefu wa kaptula, akaomba rumba. Jotham akatabasamu kama mtu aliyeombwa mboni ya jicho lake na akaikuta mfukoni. Wakaanza. Mabibi na mabwana wakasogeza viuno kwa tahadhari, kama watu wanaovuka mto wasioujua kina. Wimbo ukafika katikati. Ukazama.

Bibi mmoja alibaki ameinua mguu, hajui auteremshe lini. Mlowezi mmoja mnene, aliyekuwa ameshinda kikombe cha fahali bora, akashika kifua akidhani moyo wake ndio unasimama, na mkewe akaanza kupiga mayowe. Bendi ikaona watu wamechoka kama Wakuba, ikafurahi, ikawainua kwa kasi yote. Meza ya keki haikusalimika.

Katibu hakugomba. Afadhali angegomba. Aliwaita ndani kwenye gramafoni ya klabu, ile ya umeme isiyojua kuchoka, akaweka santuri ya wimbo uleule. "Sikiliza," alisema. Wimbo ukaenda moja kwa moja, mwepesi, kutoka mwanzo hadi mwisho. Gicheru anasema Jotham alikuwa amekunja shingo, anangoja uzame. Haukuzama. Ulipoisha aliomba uwekwe tena. Katibu akamwonyesha mlango.

Aliporudi nilitamani aende kwao akalale na aibu yake. Lakini hapana, Jotham Wakhungu hakuzaliwa mwaka wa reli ili anyamaze. Alisimama katikati ya hoteli, safari hii ameingia ndani, wateja wamejaa, Nanyama ana birika mkononi.

"Ni hii gramafoni yenu mbovu!" alipiga kelele. "Hii takataka ndio imeniharibia maisha! Huo wimbo hauzami! Hakuna mahali inazama! Nimefundishwa upuuzi katika hii nyumba!"

 Nanyama akarudi jikoni na birika lake, na chai ya wateja ikapoa. Mwezi uleule alimwambia baba yake kwamba Khisa anaweza kuleta wazee.

Gauni la harusi nililishona mimi, na sitaki kusifiwa, ila lilikuwa zuri kupita kiasi kwa karani wa reli. Bendi iliyoalikwa ilikuwa Bungoma Swing Jazz Band, kwa kuwa hakukuwa na nyingine. Jotham angeweza kukataa. Hakukataa. Alikuja na koti lake jeupe la Kitale, limefuliwa, na nikajua amekuja kuonyesha kwamba sasa anaujua wimbo sawasawa.

Wageni walipoitisha rumba, aliipiga kama ya klabu. Safi, nyepesi, bila kosa. Watu wakacheza wakingoja. Akina mama wa soko walikuwa tayari wamekunja magoti. Wimbo ukapita pale pa kuzama bila kusimama, ukaenda, ukaisha.  Bibi mmoja kutoka Kimilili akauliza kama kijana ni mgonjwa.

Nanyama akainuka kwenye kiti chake, akashika pindo la gauni, akaja hadi penye bendi. Nilikuwa karibu, nikasikia yote, na nilitamani nisisikie.

"Wakhungu, mbona umenitoa?"

"Nimekutoa wapi?"

"Kwa wimbo. Pale inazama, si ni mimi natoka jikoni? Halafu nafika, nazungusha, inaamka. Hiyo ni mimi." Alisema polepole, kama anayemwonyesha mtoto. "Vile uliiweka hiyo ndani, nilisema, ati huyu hawezi ongea lakini ameniweka kwa wimbo, mbele ya watu wote. Nilikuwa nangoja tu ufungue mdomo. Halafu ukakuja ukasema ni takataka."

Jotham akalishusha gita.

"Kwani ulikuwa hujui?"

Nilimwombea adanganye. Mtu aliyedanganya miaka yote kuhusu Wakuba, mara hii moja tu uongo ungekuwa wa maana.

"Sikujua," alisema. "Nilikuwa nje."

Nanyama akatikisa kichwa kidogo. "Sawa. Pigeni ile yetu basi, watu wacheze." Akarudi kuketi kwa mumewe.

Wakaanza tena, na wimbo ulipofika katikati ukazama. Wageni wote wakashuka chini wakicheka. Jotham akaushikilia pale chini, akaushikilia kupita siku zote, Gicheru akimtazama na fimbo iko hewani, wazee wakianza kulalamikia magoti yao. Nanyama alikuwa ameketi, mikono mapajani, haendi popote. Jotham akangoja. Mwishowe ikambidi auinue mwenyewe.