Propela Ilipodondoka Njia ya Madimba

Enzi zetu pale Magomeni, Mtwara, gari lilijulikana kwa sauti kabla halijaonekana. Tukiwa katikati ya mchezo wa rede, magauni yamejaa madoa ya mabibo, tuliisikia Landrova ya Baba ikikata kona, tukakimbia kunawa. Lilikuwa gari kuukuu la ushirika, naye ndiye dereva, ndiye fundi. Vijana wa leo kitaa kimoja kikiwaka kwenye dashibodi wanaegesha na kununa. Baba alilisikiliza gari kwa makalio.

Mwaka ule nilikuwa na miaka tisa, na gari likaanza kutetemeka. Baba alikuwa amebadilisha kros, yaani kiungo cha propela, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Tangu hapo, likichanganya mwendo tu, meno yetu yaligongana. Alikanyaga klachi, mtetemo ukabaki, akasema injini haina kosa. Akahamisha matairi ya nyuma mbele. Wapi! Mama akamwambia, akimwita kwa jina langu kama kawaida, "Baba Somoe, litakuangusha hilo." Akajibu, "Fundi hafundishwi jikoni."

Basi ikafika asubuhi ambayo Mama mdogo Zainabu, mdogo wake Mama, alishikwa na uchungu kwao Madimba, nasi tulikuwa tumekwenda kumsubiria mtoto. Mkunga akasema huyu apelekwe hospitali mjini, upesi. Tulimlaza nyuma, kichwa mapajani kwa Mama, mimi nikimpepea kwa kanga. Hatujafika mbali, tukiwa kwenye mchanga, tukasikia kishindo chini. Bolti zimekatika, propela imedondoka upande mmoja.

Baba akaingia uvunguni. Kosa lake akaliona pale pale: alipovitenganisha vipande viwili vya propela hakuviwekea alama, na katika kuviunganisha vikapishana jino moja. Akavilinganisha, akaanza kung'oa bolti za kiti apate za kufungia. Moja ikagoma, akaikata kwa tupa.

"Shemeji, bado?" Mama mdogo aliita.

"Bado kidogo, shemeji. Lazima ikae sawa."

Adhuhuri ikapita. Ilipofika alasiri hakuita tena.

Gari liliondoka likiwa halitetemeki hata kidogo. Sijapata kupanda gari tulivu kama lile, na utulivu ule nauchukia mpaka leo. Hospitali walipokea maiti, ya Mama mdogo na mtoto wake tumboni.

Katika ua wa hospitali dereva mwenzake Baba, mzee mmoja wa Rahaleo, akamuuliza imekuwaje. Baba akaeleza. Yule mzee akasema kwa upole tu, "Sasa mbona hukuifungua hiyo propela ukaitupa nyuma, ukaja na magurudumu ya mbele? Si linavuta kwa yote manne hilo?"

Baba alikaa chini. Alilijua jambo hilo. Kila masika alipita kwenye matope kwa magurudumu yote manne. Lakini dereva wa enzi zile hakukubali kuingia mjini na gari kilema. Mama hakumlaumu kwa neno hata moja. Aliacha tu kumwita Baba Somoe.

Siku hizi mwanangu akikwama hupiga simu, fundi aliye kitandani Dar es Salaam akamwelekeza. Mimi humtania kwamba spana haijui, naye hucheka. Enzi zetu tulijua kutengeneza kila kitu kwa mikono yetu, na tulijisifu mno. Siku ile mchangani ningeutoa ujuzi wote huo nipate mtu mmoja tu wa kutuambia: iacheni hiyo, nendeni.