Ukuta wa Director Munene

Angeline Kavetsa alikuwa amefundisha Kiingereza miaka kumi na moja katika shule moja ya kibinafsi mtaani Kimumu, bila digrii. Director mpya, Munene, alikuwa nazo mbili, na alizitaja hata akiagiza chai.

Siku moja aliwasomea walimu maneno aliyotaka yachorwe kwenye ukuta wa mbele: *A school worth to join.*

"Director, hapo ni *worth joining*," Kavetsa alisema.

"Mwalimu, baada ya adjective ni *to*. *Happy to see. Ready to go.* Hiyo ni kanuni."

"Inategemea adjective yenyewe. *Worth* na *busy* zinataka *-ing*. Huwezi kusema *I am busy to cook*."

"Na wewe digrii yako ni ya wapi?"

Walimu wengine, pamoja na Javan, naibu wa Director, wakainama kuangalia viatu vyao. Walijua nani alikuwa sawa. Kavetsa aliwadharau zaidi ya alivyomdharau Munene. Huyo angalau hakujua.

Mwisho wa muhula Kavetsa alipewa barua ya kuachishwa kazi. Akapanga chumba mtaa wa Huruma, akaanza kufundisha watoto wanane tuition, masomo ya ziada ya kulipia.

Januari ukuta ukachorwa, herufi zenye urefu wa mbuzi. Mzazi mmoja, Jerop, aliupiga picha akaituma kwenye kikundi cha wazazi, akauliza kama hicho ndicho Kiingereza wanachofundishwa watoto wao. Wenye shule wakamwamuru Munene arekebishe. Akarekebisha: *A school worthy joining.*

Wiki hiyo Javan alifika Huruma na simu mkononi.

"Mwalimu, Director anauliza kama sasa iko sawa."

Kavetsa aliitazama ile picha. Kati ya makosa yote yaliyokuwepo duniani, mtu wa digrii mbili alikuwa amekwenda kutafuta jipya.

"Wewe unaonaje, Javan?"

"Naona bado. *Worthy* inataka *of*."

"Umemwambia?"

Javan akainama kuangalia viatu vyake.

"Basi mwambie aje aniulize mwenyewe."

Munene hakuja. Aliagiza ukuta wote upakwe rangi nyeupe, likabaki jina la shule na nambari ya simu.

Jumatatu Javan alirudi, safari hii akimleta binti yake tuition. Kavetsa alimpokea mtoto vizuri, akamwonyesha pa kukaa. Kisha akamwacha Javan amesimama mlangoni, akaendelea na somo.