Kuipeleka Baiskeli ya Barasa Malakisi

Tarehe kumi na mbili Aprili tulimzika kaka yangu Barasa. Presha ilimwangusha jioni akifunga ng'ombe, na hakuamka. Siku ya tatu baada ya mazishi watu wa ukoo walikaa, tukanyolewa, kisha vitu vyake vikagawanywa kama ilivyo desturi yetu Wabukusu. Koti lilipewa baba mdogo. Redio na jembe vilibaki kwa mjane wake. Baiskeli yake ya milimani, ile yenye magurudumu mapana na gia nyingi, ikapewa Wanyonyi, mtoto wa dada yetu Nasimiyu aliyeolewa Malakisi. Kwetu mpwa ana haki katika vitu vya mjomba wake, na hakuna anayebishana. Mimi pia sikubishana. Niliomba jambo moja tu, kwamba baiskeli isipakiwe juu ya gari, niipeleke mwenyewe nikiiendesha. Wazee walikubali, wakasema nisichelewe.

Nilichelewa hadi Agosti.

Miaka mingi mimi na Barasa tulikuwa tukitoka Jumapili baada ya kanisa. Yeye alipanda hiyo baiskeli, aliyoinunua mtumba, na mimi nilipanda black mamba yangu, ile nzito ya chuma. Alinipita kwenye kila kilima, kisha akaningoja juu ameketi kwenye nyasi. Tulifika pamoja hadi Saboti. Kutoka hapo barabara inapanda Mlima Elgon, na black mamba haikuweza. Mimi nilirudi, yeye akaendelea peke yake.

Alipokufa nilijua lazima nijizoeze kabla ya safari. Tatizo lilikuwa muda. Nasaga unga kwenye posho mill ya mtu hapa Kitale, na kazi hiyo haina likizo. Muda wangu ulikuwa pale stima inapopotea. Mashine ikinyamaza, nilifuta unga usoni, nikatoa baiskeli ya Barasa nyuma ya magunia, nikaenda kuelekea Kibomet nione nitafika wapi kabla stima haijarudi. Siku moja nilikosea hesabu. Niliporudi nilikuta foleni ya akina mama imefika barabarani, na Mama Chebet, mteja wetu wa kila wiki, ameketi juu ya debe lake.

"Stima imerudi, sasa wewe ndio umepotea," akaniambia. "Watoto wangu watakula mahindi nzima nzima kama kuku?"

"Pole, mama. Nilikuwa kilimani."

"Kilimani kuna unga?"

Wote walicheka, na mimi nikawasha mashine.

Safari ilipangwa Mei, mota ya posho mill ikaungua na mimi nikabaki kumsaidia fundi. Ikapangwa Juni, kitinda mimba wetu akashikwa na malaria na mimi nikalala hospitalini kwenye benchi. Ikapangwa Julai, upepo ukang'oa mabati ya jikoni. Hizo zote zilikuwa sababu za kweli. Lakini kila ilipoahirishwa nilipata nafuu kidogo moyoni, kwa sababu baiskeli ingelala kwangu siku zingine.

Mke wangu Nelima aliliona hilo. "Nasimiyu amepiga simu tena," alisema. "Anauliza kama umekula baiskeli ya mtoto wake."

Wiki hiyo hiyo mwenye posho mill alitangaza kwamba itafungwa kuanzia Ijumaa, ili fundi abadilishe nyaya. Sikuwa na sababu tena.

Ijumaa asubuhi, Kitale. Kulikuwa na ukungu. Nelima alinifungia chapati na viazi vitamu, akakunja suruali ndefu na shati safi ndani ya mfuko wa nailoni ili visilowe. Alishika usukani kwanza, hakuuachilia mara moja.

"Ukifika, umpe kwa mikono miwili," akasema. "Usiitupe tu hapo uani ukakimbia."

Saboti nilifika jua likianza kuchoma. Mahindi ya Trans-Nzoia yalikuwa bado mabichi, marefu kuliko mtu, na barabara ilipita katikati kama ujia wa nyumba. Mahali nilipokuwa nikigeuzia black mamba pana kibanda cha kuuza mkaa. Nilikuwa nimefikiri nitasimama pale kidogo. Sikusimama. Niliogopa kwamba nikisimama nitageuza.

Baada ya Saboti kulianza kilima halisi. Mvua ya usiku ilikuwa imefanya udongo mwekundu kuwa kama ugali ambao haujaiva, na ulijaza nafasi kati ya gurudumu na fremu hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Niliutoa kwa kijiti, nikaenda hatua chache, ukajaa tena. Mwishowe niliweka baiskeli begani nikapanda kwa miguu. Kijana wa bodaboda aliyebeba magunia mawili ya viazi alipunguza mwendo ili anitazame vizuri.

"Mzee, leo ni zamu ya nani kumbeba mwenzake?" akauliza. "Ya kwako ama ya baiskeli?"

"Ya kwangu."

"Basi ifikishe salama!" Akaenda, pikipiki ikiyumba huku na huku.

Kaptama nilikula viazi vyangu karibu na bomba la maji, nikaosha mnyororo. Kuanzia hapo barabara hushuka hadi mtoni, ikapanda, ikashuka kwa mto mwingine. Nilianza kuelewa gia. Barasa alikuwa amenieleza mara nyingi, lakini mtu wa black mamba husikia habari za gia kama habari za nchi nyingine. Ukibonyeza mapema, kabla mguu haujachoka, kilima kinakuwa kidogo. Ukingoja hadi umekwama, mnyororo unalia na haukubali. Nilikwama mara nyingi.

Kapsokwony niliingia jioni. Nililala kwa Mama Naibei, mama wa Kisabaoti mwenye hoteli ndogo ya chai na chumba kimoja cha wageni nyuma yake. Nilimjua kwa jina tu, kwa sababu Barasa alipenda kumtaja. Niliegemeza baiskeli kwenye nguzo nikaingia. Yeye hakunitazama mimi, alitazama baiskeli.

"Hii ni ya Barasa," akasema. "Yeye ako wapi?"

Watu wote wa kwetu walikuwa wamejua kifo chake bila mimi kuwaambia. Huyu alikuwa wa kwanza kuambiwa na mdomo wangu. "Tulimzika Aprili, mama," nilisema. "Mimi ni ndugu yake."

Alifuta meza ambayo haikuwa chafu. Kisha akauliza, "Ndugu gani? Yule wa nyuma?"

"Wa nyuma?"

"Si alikuwa anaagiza chai mbili kila akikuja. Anasema, hii ingine ni ya ndugu yangu, ako nyuma anakuja. Tunafunika na kisahani. Tunangoja, tunangoja. Ikipoa anakunywa yeye. Mimi nilimwambia, Barasa, huyo ndugu yako ni uongo, unapenda chai tu."

Nilicheka, na machozi yakatoka pamoja na kicheko. Sikuona haya, kwa sababu Mama Naibei alikuwa akifanya vivyo hivyo. Aliniletea chai, nikainywa ikiwa moto.

Usiku sikulala vizuri. Baiskeli ilikuwa ndani ya chumba, miguuni pa kitanda. Nilifikiria kumpigia Wanyonyi nimwambie imeharibika njiani. Nilifikiria hata nitakavyolisema jambo hilo. Asubuhi Mama Naibei aliuliza naelekea wapi, nikamwambia naenda kuikabidhi.

"Unatoa?" akasema. "Na umefika hapa jana tu!"

"Si yangu, mama."

Hakunisifu wala hakunilaumu. Alinifungia ndizi mbivu, akasema breki nizishike kidogo kidogo, kwa sababu huko mbele ni kushuka tu.

Jumamosi asubuhi niliteremka kuelekea Chwele. Ni safari tamu kuliko zote nilizowahi kuendesha, na sitasema vinginevyo eti kwa kuwa nilikuwa na huzuni. Upepo ulikuwa baridi masikioni. Mashamba ya vitunguu na kabichi yaliisha, ikaja migomba, ikaja miwa. Kadiri nilivyoshuka ndivyo mahindi yalivyozidi kukauka, hadi karibu na Chwele nikaona watu tayari wanavuna, huku ya kwetu yakiwa bado yanatoa ndevu. Mbele kidogo kebo ya breki ya nyuma ilikatika. Niliogopa kutegemea ya mbele peke yake, kwa hiyo kila palipokuwa na mteremko nilishuka nikatembea. Ndiyo maana nilifika mchana badala ya asubuhi. Kabla ya kuingia Malakisi niliingia kwenye shamba la tumbaku, nikavaa suruali ndefu na shati.

Malakisi, nyumbani kwa Nasimiyu. Dada yangu alikuwa ameketi mlangoni, mguu mmoja umenyooshwa juu ya kigoda, kwa sababu goti lake limekuwa bovu tangu mwaka jana. Hakusimama. Aliita tu jina langu, kisha akanyoosha mkono akashika kiti cha baiskeli, akakishikilia muda mrefu.

Wanyonyi alitoka nyuma ya nyumba na panga mkononi. Ni mtu mzima, mrefu, baba wa watoto wawili, na kwetu mpwa ana ruhusa ya kumtania mjomba wake atakavyo.

"Mjomba! Nilidhani umeioa, nikaanza kutafuta ng'ombe ya mahari."

"Nilikuwa na mambo."

"Mambo gani, na nywele imeshamea yote?" Aliizunguka baiskeli kama mnunuzi sokoni. "Kengele iko wapi? Keria iko wapi? Hii ni baiskeli ama mbuzi imechunwa?"

Niliishika kwa mikono miwili nikampa. Niliyokuwa nimepanga kusema yalipotea. Nikasema, "Hii hapa. Breki ya nyuma imekatika." Naye akaipokea kwa mikono miwili, akaacha mzaha, akasema, "Asante, mjomba."

Baada ya kula alisema twende kwa fundi. Nilidhani ni habari ya breki. Fundi alifunga kebo mpya kwa muda mfupi, kisha Wanyonyi akaonyesha keria kubwa ya chuma iliyoning'inia ukutani, ile wanayobebea watu. "Weka hiyo," akasema.

Fundi aliipima. "Hii baiskeli haina mahali pa kufunga. Lazima nitoboe fremu."

"Usitoboe," nikasema.

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Fundi aliinua macho. Wanyonyi hakukasirika. Alichuchumaa karibu nami, akaongea polepole.

"Mjomba, mama hawezi tembea mpaka barabarani. Kliniki ni kila mwezi. Kanisa ameacha. Jirani ako na pikipiki, lakini mpaka umbembeleze, na siku ingine hayuko. Mimi nilipoambiwa nimepewa baiskeli ya mjomba Barasa, nilijua kazi yake siku hiyo hiyo." Akanitazama. "Ni yangu ama si yangu?"

Niliitazama ile fremu. Mahali fundi alipotia alama ya chaki hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Ni yako," nikasema.

"Basi nitoboe?" akauliza fundi.

"Toboa," nikasema mimi, kwa sababu wote wawili walikuwa wakiningoja. Niliishika fremu ili isicheze. Unga mwembamba wa chuma uliangukia viatu vyangu, na fremu ilipata moto mikononi mwangu, lakini sikuiachilia hadi bolti ya mwisho ilipokazwa.

Nilikuwa nimedhani huzuni yangu imo ndani ya baiskeli na nikiitoa nitabaki bila kitu cha Barasa. Usiku huo, nikiwa nimelala sebuleni kwa dada yangu, nilikuta huzuni iko pale pale, haikwenda na baiskeli wala haikuongezeka. Hilo ndilo nililojifunza, na sijui kama lina faida kwa mtu mwingine.

Jumapili asubuhi nilijiandaa kwenda steji kupata gari la Bungoma, na kutoka huko hadi Kitale. Wanyonyi alileta baiskeli mlangoni, ameweka gunia lililokunjwa juu ya keria.

"Panda," akasema.

"Mimi? Mbebe mama yako kwanza."

"Mama hawezi kuwa wa kwanza. Tukianguka, afadhali tuanguke na wewe."

Nasimiyu alicheka hadi akashika goti. Nikapanda, miguu nikaitanua, mikono nikashika chini ya kiti. Sikuwahi kubebwa kwenye baiskeli hiyo. Tulipita shuleni, tukapita mabanda ya kukaushia tumbaku, kisha kukawa na kilima kabla ya sokoni. Wanyonyi alisimama kwenye pedeli, shati likamganda mgongoni.

"Nishuke?" nikauliza.

"Kaa! Mwenye baiskeli hajasema ushuke."

"Basi bonyeza hiyo ya kidole gumba."

"Gani?"

"Ya kulia. Bonyeza sasa, kabla hujachoka."

Alibonyeza. Mnyororo uliruka mahali pake, na nikahisi miguu yake ikizunguka haraka na baiskeli ikipanda bila shida. "Eee! Kumbe!" akapiga kelele. Akabonyeza tena. Watu waliokuwa wakienda kanisani walisogea kando. Tulifika juu akiwa ameketi, anacheka kama mtu aliyepewa kitu upya, na steji ikawa hapo mbele yetu, gari likiwa linawashwa.

"Steji ndio hiyo," nikasema.

"Ngoja kwanza, mjomba. Na hiyo ya kushoto ni ya nini?"

Nilimweleza ya kushoto. Tukapita steji. Tukapita duka la mwisho. Gari la Bungoma likatupita likipiga honi, utingo ametoa kichwa dirishani ananiita, na mimi sikumwambia Wanyonyi asimame.